Glavu za baiskeli kwenye baridi: mgongo wa mkono unapigwa na upepo, kiganja ndo kinafunga breki

Nianze na breki, manake karibu kila mtu akiulizia glavu za baridi anauliza kitu kimoja tu, zinatia joto kiasi gani, na hilo ni swali zuri ila ni nusu ya swali. Mkono ukiwa kwenye baiskeli uko kazini. Unashika usukani, unabadili gia, unagonga kengele, unatoa ishara ya kukata kona, na juu ya yote unafunga breki, na breki za siku hizi unazifunga kwa kidole kimoja au viwili, sio mkono mzima. Sasa glavu ikiwa ya moto kama blanketi lakini kidole cha shahada hakijui kama kimeshaigusa leva (ule mkono wa breki unaovutwa) au bado, hapo hujapona, umelitoa tu tatizo kwenye baridi ukalipeleka kwenye kona ya mteremko.

Mimi msimu wangu wa kwanza wa kuendesha kwenye baridi kali nilivaa glavu za watu wanaoteleza kwenye theluji, nene, zimejaa, ukiziangalia tu unajua humu ndani baridi haingii. Na kweli haikuingia. Asubuhi moja nashuka mteremko, barabara imelowa na majani yamelala chini, nikavuta breki ya nyuma kwa vidole viwili kama kawaida, leva ikarudi nusu ya njia ikagota. Ilikuwa imegota kwenye vidole vyangu viwili vingine, vile vilivyobaki vimeshika usukani, manake unene wa glavu ulikuwa umejaza nafasi yote kati ya leva na usukani. Breki ilikuwa nzima kabisa, kebo nzima, pedi mpya. Kilichokosekana ni sentimita moja ya nafasi. Nilisimama mbali sana na pale nilipotaka kusimama, na tangu siku ile glavu nazichagua kuanzia kwenye kiganja, joto linafuata.

Lakini tuelewane kwanza mkono unapoaje, kwa sababu ukishajua hilo nusu ya matangazo ya glavu unayasoma kwa macho mengine. Vidole vyenyewe havina misuli. Misuli inayovikunja na kuvikunjua iko kwenye kiganja na huku chini ya kiwiko, vidole vinavutwa tu na kano, vile vile kama breki inavovutwa na kebo. Kwa hiyo kidole hakitengenezi joto la maana, joto lake karibu lote kinaletewa na damu. Na mwili ukihisi baridi una mpangilio wake, unalinda kifua na tumbo na kichwa kwanza, unabana mishipa midogo ya damu ya mikononi na miguuni ili joto libaki ndani. Yaani vidole ndo vinakatiwa huduma mapema kabisa. Ndo maana unakuta mtu kanunua glavu tatu tofauti mwaka mmoja na zote anasema hazifai, kumbe shida iko kwenye koti lake linalopitisha upepo kifuani, au shingo iko wazi, au anatoka nyumbani bila kula. Glavu haitengenezi joto (ukiacha zile za betri), inatunza lile damu ililoleta, na damu isipoleta kitu hakuna cha kutunza.

Kuna namba mbili nazipenda hapa kwa sababu zinaeleza vizuri kitu ambacho wote tumeshakipata. Ngozi ya vidole ikishuka chini ya nyuzi 15 za Selsiasi hivi wepesi wa vidole unaanza kupotea, zipu inakuwa kazi, kifuniko cha valvu kinakuwa kazi. Ikifika karibu nyuzi 8 hata kule kuhisi unapogusa kitu kunaondoka, ndo ile ganzi yenyewe, unashika leva lakini unajua umeishika kwa kuiangalia tu. Kwa hiyo tunaposema glavu ya joto hatuongelei raha, tunaongelea kubaki juu ya zile nyuzi 15 ili breki uihisi. Joto na mshiko vinatoka kwenye chanzo kimoja, na kinachochosha ni kwamba ukiongeza kimoja kwa pupa unakipunguza kingine.

Alafu upepo. Mtu anayetembea kwa miguu siku iliyotulia hana upepo, wewe kwenye baiskeli unautengeneza mwenyewe, ukienda kilomita 25 kwa saa basi una upepo wa kilomita 25 kwa saa unaokupiga moja kwa moja kwenye mgongo wa mikono, na mikono iko mbele kabisa, haijifichi nyuma ya kitu chochote. Kwa ile fomula ya upepo na baridi inayotumika Marekani na Kanada tangu 2001, nyuzi 5 kwa mwendo huo inahisika kama sifuri na kitu, sifuri inahisika kama nyuzi 6 chini ya sifuri, na 5 chini ya sifuri inahisika kama 12 chini. Kwa hiyo usisome kipimajoto cha dirishani ukachagua glavu kwa namba hiyo, toa nyuzi tano sita kwanza ndo uchague. Na mteremkoni toa zaidi, hapo mwendo umepanda alafu miguu imeacha kufanya kazi, joto la mwili linashuka wakati upepo unapanda.

Kitu cha kwanza kinachozuia upepo sio unene. Hili watu wanalikosea sana. Sweta nene la sufu likipigwa na upepo linapitisha kama neti, wakati koti jembamba la nailoni iliyofumwa kwa kubana linazuia kabisa ila halina joto lolote lake. Joto linatunzwa na hewa iliyotulia, hewa iliyonaswa ndani ya nyuzi za flisi (kile kitambaa laini chenye manyoya manyoya) au sufu au zile pamba za kutengenezwa kama Thinsulate na PrimaLoft (hii PrimaLoft ilianzia miaka ya 1980 jeshi la Marekani lilipotaka kitu cha kuchukua nafasi ya manyoya ya bata kisichokufa kikilowa), na upepo ukipenya unaifukuza ile hewa. Kwa hiyo mgongo wa glavu unahitaji vitu viwili kwa mpangilio huu, ngozi ya nje inayozuia upepo, chini yake kitu kinachonasa hewa. Ukipata glavu isiyo nene sana lakini mgongo wake haupitishi upepo itaishinda glavu nene inayopitisha, kila siku. Jaribio lake ni rahisi, weka mgongo wa glavu mdomoni upulize kwa nguvu, ukihisi pumzi yako upande wa pili basi na upepo wa barabarani utapita hapo hapo.

Sasa tuje kwenye kiganja, na hapa ndo nataka tukae kidogo.

Kiganja hakipigwi na upepo. Kimeukumbatia usukani muda wote, kimekandamizwa kati ya uzito wako na raba. Na kitu chochote chenye hewa ndani ukikikandamiza hewa inatoka, na hewa ikitoka joto nalo limekwenda. Maana yake ile pamba nene unayoiona kwenye kiganja cha glavu nyingi za baridi haikupi joto pale unapoihitaji, inakupa unene peke yake. Na unene una gharama. Chukua raba ya usukani ya kawaida yenye kipenyo cha milimita 32, ongeza kitambaa cha milimita 4 pande zote, mkono wako sasa unashika kitu cha milimita 40, vidole havizunguki vizuri, unakaza zaidi ili kupata mshiko ule ule, na kukaza kwa saa nzima kunachosha misuli ya chini ya kiwiko na kunabana mishipa ya damu ile ile unayoitegemea ilete joto. Kwa hiyo glavu nzuri ya baiskeli ukiikata katikati ingekuonyesha vitu viwili tofauti kabisa vimeshonwa pamoja, mgongo mnene usiopitisha upepo, kiganja chembamba cha ngozi au ngozi bandia chenye bitana nyepesi tu. Ukishika glavu dukani ukakuta unene ni ule ule mbele na nyuma, hiyo imetengenezwa kwa mtu wa kutembea.

Na mshiko una nyuso mbili, hili watu wengi hawaliwazi. Kuna uso wa nje, glavu dhidi ya usukani na leva, na kuna uso wa ndani, mkono wako dhidi ya bitana. Glavu inaweza kung'ang'ania usukani kama gundi lakini mkono unacheza ndani yake, unavuta breki na kabla kidole hakijaanza kazi bitana imeshateleza nusu sentimita. Hiyo inatokea zaidi kwenye glavu zenye tabaka nyingi zisizoshonwa pamoja, nje ngozi, katikati utando wa kuzuia maji, ndani flisi, na vyote vitatu vimeshikana kwenye ncha za vidole na kwenye kifundo tu. Ukizivaa bana kitambaa cha kiganja kwa mkono mwingine ukivute pembeni, kama cha nje kinaenda na cha ndani kinabaki, hiyo glavu itateleza kwa ndani na hakuna silikoni ya nje itakayoiokoa.

Kuhusu hizo silikoni, vile vidoti au mistari ya mpira unavyoviona kiganjani, zinafanya kazi kweli kwenye leva ya chuma iliyolowa, na zikiwa mpya zinashika kuliko ngozi. Tatizo ni kwamba zinabanduka, na zinaanza kubanduka pale pale unapozihitaji, kwenye kidole cha shahada na ile ngozi kati ya gumba na shahada. Kwa hiyo angalia zimewekwaje, kama zimepigwa juu kama chapa ya fulana utaona kingo zake zinanyanyuka ukikunja kitambaa, kama zimeingia ndani ya kitambaa zitadumu. Ngozi ya mbuzi mimi naiamini zaidi kwa muda mrefu, ni nyembamba, laini, ikipata unyevu kidogo inashika vizuri zaidi, ila ikilowa chepechepe inachukua muda kukauka na ukiikausha kwa haraka inakuwa ngumu kama ubao. Ngozi bandia inakauka haraka, mshiko wake ni wa kati, na kwa mtu anayeendesha kila siku kwenye mvua nadhani ndo chaguo lenye akili. Kitu cha kukwepa ni kiganja cha flisi au sufu tupu, chuma kilicholowa na flisi ni kama sabuni.

Leva zenyewe nazo zina lawama yao. Nyingi ni za alumini, na alumini inapitisha joto maelfu ya mara kuliko hewa iliyotulia, kwa hiyo kile kidole kinacholala juu ya leva kinanyonywa joto muda wote hata kama vidole vingine viko salama. Ukiona siku zote ni kidole cha shahada na cha kati vinavyokufa ganzi kwanza, usikimbilie kununua glavu mpya, zungushia leva kipande cha tepu ya usukani au mpira mwembamba pale kidole kinapokaa. Utashangaa. Na unapata mshiko bure.

Pia karibu kila leva ya kisasa ina skrubu ndogo ya kuisogeza karibu au mbali na usukani. Ukiingia msimu wa glavu nene irekebishe upya ukiwa umevaa glavu, sio mikono mitupu, na kama breki ni za kebo ikaze kidogo ili ishike mapema kabla leva haijafika kwenye vidole vilivyobaki. Ningefanya hivyo kabla ya ule mteremko, yale majani yasingekuwa na shida yoyote.

Maji sasa. Maji yanapitisha joto karibu mara 25 kuliko hewa, kwa hiyo glavu iliyolowa ni kama umeondoa ile hewa yote ukaweka bomba la kutolea joto. Hapo mtu anasema basi nanunua zisizopitisha maji kabisa nimalize. Ngoja. Maji yanatoka pande mbili, ya mvua kutoka nje na ya jasho kutoka ndani, na mikono inatoka jasho jingi kuliko tunavodhani ukipanda mlima. Utando kama Gore-Tex umetengenezwa kuzuia matone na kuruhusu mvuke, na unafanya hivyo, lakini kitambaa cha nje kikishalowa chote na kung'ang'ania maji mvuke hauna pa kutokea, unarudi kuwa maji ndani. Ile dawa ya nje inayofanya maji yatiririke kama kwenye jani la mgomba inaisha kwa matumizi, unaweza kuirudisha kwa dawa ya kupulizia au ya kuoshea, na nadhani kazi hiyo mara moja au mbili kwa msimu ina faida kuliko kununua glavu mpya.

Na kuna jambo halisemwi kabisa kwenye maelezo ya glavu za utando, bitana kutoka na vidole. Nimekaa pembeni ya barabara nabadilisha tyubu, mikono imelowa jasho, nikavua glavu kwa haraka na bitana ikatoka nje pamoja na vidole kama soksi iliyogeuzwa. Kuirudisha ndani kwa vidole vilivyolowa na vinavyozidi kupoa ilinichukua muda mrefu kuliko tairi lenyewe, kidole cha pete kikawa kinaingia kwenye tundu la kidole cha mwisho, nachomoa, naanza tena, mpaka nikaishia kuendesha na kidole kimoja kimekunjwa ndani ya kiganja. Kwa hiyo dukani lowesha mkono kidogo, ivae, alafu ivue kwa kuvuta ncha za vidole moja moja. Kama bitana inafuata mkono iache.

Kwa mvua ndefu kwenye nyuzi 3 mpaka 10 hivi kuna njia nyingine kabisa, neoprini, ile ya nguo za wapiga mbizi. Haijidai kuzuia maji, inakubali mkono ulowe kidogo alafu inalitunza joto la ule unyevu kwa vitundu vyake vya hewa vilivyofungwa, ni nyembamba kiasi, inabana mkono vizuri na mshiko wake kwenye mvua ni mzuri sana. Ila ikiwa kavu na jua limetoka mikono inachemka, na harufu yake baada ya wiki moja lazima uikubali au uioshe kila siku.

Sufu nayo haijapitwa na wakati, inaweza kunyonya unyevu mpaka karibu asilimia 30 ya uzito wake kabla hujaihisi imelowa, na ndo maana glavu nyembamba ya sufu ndani ya glavu ya nje ni mpango mzuri kuliko glavu moja nene. Unatoa ya ndani ukipata joto, unairudisha mteremkoni, na ukilazimika kuvua ya nje ili urekebishe mnyororo bado una kitu mkononi. Sharti ni kwamba ya nje iwe na nafasi ya kuibeba ya ndani, ukilazimisha mbili ndani ya saizi ya moja umebana damu na umekandamiza hewa, yaani umeongeza kitambaa ukapunguza joto.

Saizi ndo kosa la kawaida kuliko yote na linaenda pande zote mbili. Wengi tunachagua glavu kama tunavochagua ya kiangazi, ikae kama ngozi. Ya baridi iache nafasi ya milimita kama 5 mbele ya ncha za vidole, hewa hiyo ndo inalinda ncha, na ncha ndo zinapoa kwanza. Lakini usiipime mkono ukiwa umenyooka, hakuna anayeendesha hivyo. Kunja mkono kama umeshika usukani, vidole vinavuta kitambaa na glavu iliyokuwa sawa ghafla inabana kwenye vifundo na ncha zinagusa. Tafuta usukani wowote, hata wa baiskeli iliyosimama pale dukani, shika, vuta breki kwa kidole unachotumia kweli, badili gia, kaa hivyo dakika mbili tatu huku unaongea na muuzaji. Kama mshono unakuuma kwenye kiganja baada ya dakika tatu, baada ya saa moja utakuwa kidonda. Na kama kidole gumba kinabanwa usiseme italegea yenyewe, gumba halilegei.

Kifundo cha mkono kinasahaulika kabisa. Pale ndo mishipa ya damu inayokwenda kwenye vidole inapita karibu na ngozi, ile unayoigusa ukipima mapigo, na pale ndo koti na glavu vinaachana ukinyoosha mikono mbele. Mstari wa ngozi wa sentimita mbili ukiachwa wazi kwenye upepo unapoza damu kabla haijafika kidoleni, hata uvae nini. Jaribu glavu ukiwa umevaa koti lako la kuendeshea na mikono imenyooshwa mbele, na amua mapema kipi kinaingia ndani ya kingine, kwenye baridi kavu glavu juu ya koti inaziba vizuri, kwenye mvua koti juu ya glavu ili maji yasitiririke kuingia.

Umbo la vidole nalo. Kidole ni kitu chembamba na cha mviringo, na ukikizungushia kitambaa uso unaotoa joto unakua pamoja na unene, kwa hiyo kila milimita unayoongeza inakupa faida ndogo kuliko iliyotangulia. Kuna mahali kuongeza unene kunakuwa kazi bure, na hapo jibu ni kuviweka vidole pamoja vipashane joto. Ndo zikaja zile zinazoitwa lobsta, vidole viwili viwili kwenye chumba kimoja, au shahada peke yake na vitatu vilivyobaki pamoja. Kwa baiskeli mimi napenda zile zinazoiacha shahada peke yake kama unafunga breki kwa kidole kimoja, na zile za mbili mbili kama unatumia viwili, chagua kufuata breki yako. Glavu ya mfuko mmoja, vidole vyote vinne pamoja, ina joto kuliko zote ila kwenye leva za gia zenye vitufe vidogo utahangaika.

Baridi ikishuka kweli kweli, tuseme chini ya nyuzi 10 chini ya sifuri, au wewe ni mtu wa vidole vinavyopoa haraka, kuna ile mifuko inayofungwa kwenye usukani wenyewe na kufunika leva na kila kitu, unaingiza mkono ndani. Sura yake hainipendezi ila naisifu bila kusita, kwa sababu inamaliza ule ugomvi wa joto na mshiko kabisa, upepo unazuiwa na mfuko, ndani unavaa glavu nyembamba ya siku ya nyuzi 12 na breki unaihisi kama kiangazi. Hakikisha tu mdomo wake ni mpana na mgumu kiasi mkono unatoka na kuingia bila kuutafuta, manake ukianguka unataka mikono iachie.

Za betri zinasaidia kwa mwenye shida maalum, na hapa niwaongelee wenye vidole vinavyogeuka vyeupe kama chaki kwenye baridi kidogo tu, alafu vya bluu, alafu damu ikirudi vinawaka (kwenye ngozi nyeusi angalia kucha na ncha za vidole, rangi haijionyeshi sana mgongoni). Hali hiyo inaitwa kwa jina la daktari wa Ufaransa, Maurice Raynaud, aliyeieleza mwaka 1862, na mtu mwenye nayo sio mwoga wa baridi wala sio mlegevu, mishipa yake inabana kupita kiasi. Muone daktari, na kwenye vifaa anza na mifuko ya usukani au glavu za betri moja kwa moja, usipoteze muda kwenye nene za kawaida. Sigara nayo inabana mishipa hiyo hiyo.

Ganzi ya kidole cha mwisho na cha pete peke yake ni habari nyingine, hiyo mara nyingi sio baridi, ni mshipa wa fahamu unaopita chini ya kiganja upande wa kidole cha mwisho na unakandamizwa na usukani. Pedi ya jeli iliyokaa sehemu yake inasaidia, iliyo nene sana au iliyokaa vibaya inakandamiza zaidi, kwa hiyo bonyeza kiganja kwenye ukingo wa meza ukiwa umevaa uone pedi inaangukia wapi.

Ukinibana nitaje mpangilio, nina jozi mbili. Moja nyembamba isiyopitisha upepo, kiganja cha ngozi ya mbuzi, ya nyuzi 5 mpaka 12. Ya pili lobsta kwa chini ya hapo, na glavu ya ndani ya sufu inayozunguka kati ya zote mbili. Kwenye safari ndefu jozi isiyotumika inakaa ndani ya koti kifuani, sio kwenye begi, ili niivae ikiwa na joto, na nikianza kupanda navaa nyembamba, nikifika juu kabla ya kushuka ndo nabadili, wakati mikono bado ina damu. Ukisubiri mpaka ganzi imeingia glavu nene itatunza ubaridi ule ule. Na ganzi ikishaingia shuka, zungusha mikono kwa nguvu kama panga la feni mara ishirini thelathini, damu inasukumwa mpaka kwenye ncha, inauma sana ikirudi lakini inarudi. Usiviweke vidole vyenye ganzi kwenye maji ya moto, havihisi kuungua.

Ukifika nyumbani geuza nje ndani kama bitana inaruhusu, kama hairuhusi jaza karatasi za gazeti kwenye vidole uzibadilishe baada ya saa mbili, ning'iniza mahali penye hewa, mbali na hita. Na kila wiki chache ziweke juani uangalie kidole cha shahada cha mkono wa breki ya mbele, upande wa ndani, pale kinapolala kwenye leva. Ndo sehemu inayokwisha kabla ya zote, inaanza kung'aa, alafu silikoni inapotea, alafu unaanza kuvuta breki mara mbili pale ulipokuwa unavuta mara moja. Ikianza kung'aa anza kutafuta nyingine, hata kama mgongo bado ni mpya.